Mtoto amepata 57%: lakini anajua nini?



Bulteni zikitoka kwetu, iwe Baraka, Mboko, Fizi-Centre ao Lulimba, swali njo lile moja: « Mutoto alipata ngapi? » Muzazi akisikia 57%, anashukuru Mungu na pengine ananunua soda. Akisikia 43%, fimbo iko karibu. Ni wachache sana wanauliza swali la pili: huyu mtoto anajua kufanya nini leo, ambacho mwezi wa tisa hakukijua?

Naandika juu ya swali hilo la pili. Mimi ni agronome, sikusoma pedagojia. Lakini tuambiane ukweli: katika Fizi yetu, wengi waliosoma agronomia, sheria, maendeleo ya vijijini ao uchumi wameshika chaki. Kazi ya ofisi inachelewa, prefe anatafuta mtu wa kufundisha biolojia ao hesabu, unakubali. Siku ya kwanza wanakupa programu, jurnali la darasa na kitabu cha pointi. Kufundisha unaiga walimu wako wa zamani. Kutoa pointi pia unaiga. Na kile tunachoiga hakitusaidii sana.

Wazo langu ni moja: pointi ni habari. Kama hiyo habari haimwambii mwalimu nini cha kubadilisha kesho, wala haimwambii mtoto wapi amekosea, basi tumetumia karatasi na wino bure.

1. KUPIMA NI KITU KIMOJA, KUTATHMINI NI KINGINE

Kupima ni kupata namba: 12 kwa 20. Kutathmini ni kuitazama ile namba, kuuliza inatoka wapi, na kuamua jambo: turudilie somo, tuendelee mbele, ao tumsaidie huyu peke yake. Wengi wetu tunafika kwenye namba tunasimama hapo. Tunajaza kitabu, tunapeleka kwa prefe, kazi imeisha.

Mwaka 1967, mtaalamu mmoja aitwaye Michael Scriven alitofautisha namna mbili za tathmini, na shule nyingi za dunia zilichukua maneno yake: ile ya kujenga, inayofanyika wakati kazi ingali njiani, na ile ya kujumlisha, inayofanyika mwishoni. Walimu huongeza na ya tatu, ile ya mwanzo, kabla hujaanza somo.

Kwa mkulima wa muhogo hizi tatu si ngeni. Kabla ya kupanda, anaangalia udongo na anachagua miti ya mbegu: hiyo ni tathmini ya mwanzo. Mwezi wa kwanza hadi wa tatu, anapita shambani kuangalia majani machanga. Akiona yamejikunja na yana madoa ya njano, anajua ni mozaiki. Anang'oa ule mti na kupanda mwingine, juu wakati bado upo. Hiyo ni tathmini ya kujenga. Mwishoni anavuna na kuhesabu magunia: hiyo ni ya kujumlisha.

Sasa fikiri mkulima asiyepita shambani hata siku moja. Anangoja mwaka mzima, anavuna, anakuta gunia moja pahali pa kumi, halafu anaukasirikia muhogo. Njo vile tunafanya na watoto: tunangoja mtihani wa mwisho ndipo tugundue kwamba hawakuelewa somo la mwezi wa kumi. Na hapo programu imekwisha kupita.

Tathmini ya mwanzo nayo ni muhimu zaidi kwetu kuliko pengine popote. Darasa moja la Fizi linaweza kuwa na mtoto aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, mwingine aliyekimbia kutoka milima ya juu na kukosa miezi minne ya masomo, mwingine wa familia ya Burundi iliyofika Lusenda tangu 2015, na mwingine asiyewahi kutoka Baraka. Wote wamekaa kwenye benchi moja, darasa la 7. Mwalimu anayefungua programu ukurasa wa kwanza na kuanza, bila kujua nani anajua nini, anapanda bila kuangalia udongo.

2. BULTENI INAFICHA NINI

Tuchukue bulteni ya sekondari. Somo lenye maksima 20 linakuwa na 20 kwa periodi ya kwanza, 20 kwa ya pili, na egzameni 40. Jumla ya semesta: 80. Sasa tazama wanafunzi wawili wa mfano.

Wa kwanza: 6, kisha 8, kisha 32 kwenye egzameni. Jumla 46 kwa 80.
Wa pili: 16, kisha 14, kisha 16 kwenye egzameni. Jumla 46 kwa 80.

Wote wana 57,5%. Kwenye bulteni ni mapacha. Lakini wa kwanza alianza bila msingi, akafanya kazi, na leo anajua somo vizuri. Wa pili alianza vizuri, na kwenye egzameni alipata 16 kwa 40: amepoteza njia ao kuna jambo nyumbani. Wa kwanza anahitaji pongezi. Wa pili anahitaji mtu wa kukaa naye. Ile jumla haisemi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo muzazi anayeweza kusoma asiangalie chini ya bulteni tu. Asome kutoka kushoto kwenda kulia: periodi, periodi, egzameni. Mwendo wa mtoto unaonekana hapo.

Kuna pia ile « nafasi »: wa 3 kwa 60. Tunaipenda sana. Lakini nafasi inasema mtoto amesimama wapi kati ya wenzake, haisemi anajua nini. Darasa lote likiwa dhaifu, wa kwanza ni dhaifu anayewazidi wengine kidogo. Darasa likiwa na nguvu, wa 30 anaweza kuwa mwanafunzi mzuri. Na mtoto aliyekuwa wa 58 akiwa sasa wa 51, kuna kitu kikubwa amefanya ambacho hakuna mtu atakipigia makofi.

3. KOSA LINA HABARI KULIKO POINTI

Hapa njo penye faida kubwa, na hapahitaji pesa. Chukua swali moja la hesabu ambalo kila mtoto wa mkulima angelihitaji:

« Shamba la mstatili lina mita 50 kwa mita 20. Eneo lake ni ari ngapi? »

Jibu ni 10, juu 50 mara 20 ni mita za mraba 1000, na ari moja ni mita za mraba 100. Tuseme darasa lina watoto 60, na unasahihisha. Waliopata ni 14. Mwalimu wa kawaida anaandika 0 kwa wengine 46 na kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasomi. Lakini ngoja kwanza, tuhesabu yale makosa:

Watoto 27 waliandika 1000.
Watoto 11 waliandika 140.
Watoto 8 waliandika mambo mengine.

Wale 27 wanajua eneo ni nini, na wanajua kuzidisha. Walichokosa ni kugeuza mita za mraba kuwa ari. Kwao dakika kumi za ubao zinatosha. Wale 11 walijumlisha pande zote nne: 50 na 20 na 50 na 20. Wamechanganya mzunguko na eneo. Kwao kurudilia kanuni kwa sauti kubwa hakutasaidia. Watoe nje na kamba, wazunguke uwanja wa shule, kisha wafunike sehemu yake kwa majani ya migomba, waone kwa macho kwamba kuzunguka na kufunika ni kazi mbili. Wale 8 uwaite mmoja mmoja, uulize: « Ulifikaje hapa? » Pengine mmoja hakuelewa neno « mstatili », mwingine haoni ubao.

Angalia: watoto 46 wenye zero ileile wana magonjwa matatu tofauti ao zaidi. Muganga anayetoa dawa moja kwa wagonjwa wote hatumsifu. Kwa nini tunamsifu mwalimu anayerudilia somo zima vilevile kwa wote?

Ukipata watoto wengi wanaoandika kwamba 1/2 na 1/3 ni 2/5, jambo ni lile lile. Hawakubahatisha; walijumlisha juu na juu, chini na chini. Wana kanuni kichwani, ila ni ya uongo. Kosa linaloonekana mara nyingi katika darasa moja linatuambia habari ya somo letu kuliko ya akili yao.

4. MANENO MAWILI KANDO YA POINTI

Mwaka 1988, mtafiti Ruth Butler alifanya jaribio kwa wanafunzi wa Israeli. Kundi moja lilirudishiwa kazi na pointi tu. La pili, maelezo tu bila pointi. La tatu, pointi pamoja na maelezo. Waliopata maelezo tu njo waliopiga hatua. Waliopata vyote viwili hawakuwazidi wale wa pointi tu. Sababu si ngumu: mtoto akiona pointi, anaangalia kama amemshinda mwenzake, halafu anakunja karatasi. Yale maelezo hayasomi.

Miaka kumi baadaye, 1998, Paul Black na Dylan Wiliam wa London walikusanya na kusoma tafiti zipatazo 250 juu ya jambo hili. Walichosema ni kwamba tathmini ya kujenga, ikifanywa vizuri, inainua masomo, na inawasaidia zaidi wale walio chini.

Kwetu hatuwezi kuondoa pointi. Sous-division na inspekteri watazidai, na ni haki yao. Lakini si kila zoezi lazima liingie katika kitabu. Na pahali pa kuandika « 4/10, jikaze », unaweza kuandika: « Umezidisha vizuri. Sasa kumbuka ari moja ni mita za mraba 100. Malizia. » « Jikaze » haimwambii mtoto ajikaze wapi. Ile ya pili inampa njia.

5. SWALI LENYEWE LINAPIMA NINI?

Sisi wa agronomia, tukienda kuchukua udongo wa kupeleka laboratwari, hatuchoti pembeni ya shamba pahali pamoja. Tunapita zigizaga, tunachota sehemu nyingi, tunachanganya. Ukichota karibu na lundo la mbolea tu, laboratwari itakuambia shamba ni tajiri, kumbe umejidanganya mwenyewe.

Intero nyingi zetu zinachotwa pahali pamoja: somo la wiki jana, tena definisio tu. « Taja. » « Eleza maana ya. » « Orodhesha. » Mtoto mwenye kumbukumbu anapata 18, na hajui kutumia lolote. Kabla ya kuandika maswali, chora mistari miwili kwenye karatasi: upande mmoja sura ulizofundisha, upande mwingine unataka mtoto afanye nini (kukumbuka, kueleza kwa maneno yake, kutumia). Ukiona maswali yako yote yameangukia kwenye kukumbuka, rudi nyuma.

Kuna na jambo la lugha, na hapa wengi wetu tunanyamaza. Mtoto wa Fizi anaongea Kibembe ao Kibuyu ao Kiswahili nyumbani, Kiswahili sokoni, halafu mtihani unakuja kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inazipa lugha zetu za taifa nafasi shuleni, na Kiswahili ni moja ya zile nne. Lakini ukimuuliza mtoto wa darasa la 5 kwa Kifaransa mmea unapata wapi chakula chake, akanyamaza, hujui kama hajui mmea ao hajui Kifaransa. Umepima vitu viwili kwa mizani moja.

Siombi tuache Kifaransa. Mtoto atakihitaji, na EXETAT haitamngoja. Ninasema hivi: kama unapima Kifaransa, pima Kifaransa. Kama unapima biolojia, mara moja moja mpe nafasi aeleze kwa Kiswahili, kwa mdomo, mbele ya mti wa muhogo uliong'olewa na mizizi yake. Utashangaa. Mtoto aliyekuwa bubu kwenye karatasi anakufundisha hata wewe namna ya kuchagua miti ya kupanda.

6. ZERO AMBAYO SI ZERO

Sasa tufike penye uchungu.

Mtoto anafukuzwa siku ya intero juu minervali haijalipwa. Anaandikiwa 0. Mwingine alikuwa Misisi na wajomba kwenye dhahabu. Mwingine familia ilikimbia risasi usiku. Wote: 0. Ile zero inaingia kwenye jumla, na mwisho wa mwaka bulteni inasema mtoto hajui hesabu. Si kweli. Bulteni inasema hakuwepo, ila inalisema kwa lugha ya kutojua. Kutokuwepo kuandikwe kama kutokuwepo, na mtoto apewe intero yake akirudi. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Leta inapaswa kuwa bure kama kifungu cha 43 cha Katiba kinavyosema. Lakini sekondari mzigo uko bado kwa wazazi, na deni la baba lisigeuke ujinga wa mtoto.

Jambo la pili: kukata pointi za somo juu ya kelele. « Umecheka, nakutoa 5. » Ndugu, bulteni ina sehemu yake ya mwenendo, chini kabisa. Kelele iende kule. Ukizikata kwenye jiografia, umeandika uongo juu ya jiografia.

Jambo la tatu ni biashara ya pointi. Kuna mwalimu anayepokea kuku, kuna anayepokea pesa, na kuna anayewasumbua mabinti. Kongo nzima tunaifanyia mzaha na kuiita « pointi za kuambukizana kwa njia ya ngono », tunacheka. Hakuna cha kucheka. Sheria ya 2006 juu ya ukatili wa kingono inaadhibu usumbufu huo, na kwa msichana chini ya miaka 18 kosa ni zito zaidi, hata akisemekana alikubali. Binti aliyekataa anabaki na 38% asiyostahili. Yule aliyelazimishwa anabeba 60% ambayo kila mtu anaitilia mashaka. Na hata yule aliyesoma usiku kwa kibatari, pointi zake halali zinapoteza thamani, juu hakuna anayejua tena zipi za kweli.

Kinga ndogo lakini yenye nguvu ni hii: baremu iliyoandikwa kabla ya kusahihisha, na karatasi kurudishwa kwa watoto. Swali la kwanza pointi 3: moja kwa kanuni, moja kwa hesabu, moja kwa kipimo. Mtoto akirudishiwa karatasi na baremu iko ubaoni, anaweza kuhesabu mwenyewe na kudai haki yake. Pahali karatasi hazirudi kamwe, kila kitu kinawezekana.

7. MIZANI YA NJE

Wengine watasema: lakini kuna mitihani ya taifa, hiyo haina upendeleo. Kweli, ina kazi yake. Mwisho wa shule ya msingi kuko TENAFEP, ambayo siku hizi tunaiita ENAFEP. Mwisho wa darasa la 8 kuko TENASOSP, ya kuelekeza mtoto katika opsion. Mwisho wa humanités kuko EXETAT, yenye dissertasio kwanza, kisha siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Mtihani wa namna hiyo unafanya mtoto wa Kazimia ajibu maswali mamoja na mwenzake wa Kinshasa. Hilo ni jambo kubwa.

Lakini mtihani wa kuchagua jibu unaweza pia kupitwa kwa kukariri ao kwa kupokea majibu kutoka nje. Na matokeo yanakuja wakati mtoto amekwisha kuondoka. Ni kuhesabu magunia; hakumsaidii yeyote aliyevunwa.

Na mizani nyingine zinatuambia mambo ya kutisha. Mwaka 2019 Kongo iliingia katika PASEC, utafiti wa nchi 14 zinazotumia Kifaransa, na wanafunzi wetu wengi waliokuwa wanamaliza shule ya msingi hawakufikia kiwango cha kutosha katika kusoma. Benki ya Dunia inakadiria kwamba kwa watoto 100 wa Kongo wenye miaka 10, 97 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Sasa linganisha na bulteni za darasa la 4 mtaani kwako: wangapi wameandikiwa « amepita »? Hapo njo unaona kwamba pointi zetu na ujuzi wa watoto vinatembea njia mbili.

Majirani zetu walijaribu jambo zuri. Tangu 2009, Uwezo ilianza kupima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda nyumbani kwao badala ya shuleni, kwa kufuata mfano wa ASER ya India ya mwaka 2005. Watu wa kujitolea wanabisha hodi, wanamwomba mtoto asome: herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la 2. Anaposimama, hapo njo kiwango chake. Hakuna asilimia wala nafasi. Kuna neno moja tu ambalo hata bibi asiyesoma analielewa: « Mjukuu wako anasoma maneno, hadithi bado. »

Hilo tunaweza kulifanya Baraka bila mradi wa mtu yeyote. Andika aya moja ya mistari minne ya Kiswahili na nyingine ya Kifaransa. Kila mtoto asome kwa mdomo dakika mbili, kando, bila wenzake kumcheka. Darasa la 60 ni saa mbili kwa lugha moja. Gawa kwa wiki moja, mbili kwa lugha zote.

8. KUANZIA JUMATATU

Najua mtakachosema. Darasa lina watoto 70, mshahara unachelewa, na kama wewe ni mwalimu N.U. hauko hata kwenye listi ya mshahara wa Leta. Ni kweli tupu, na mtu asikudanganye kwamba tathmini nzuri itaziba tundu la mshahara. Ila haya yafuatayo yanapunguza kazi ya kusahihisha, hayaiongezi:

a) Swali moja mwisho wa somo. Kila mtoto anajibu kwenye kipande cha karatasi. Usitoe pointi. Gawa vipande katika mafungu matatu: waliopata, waliokosea kwa namna moja, waliopotea. Dakika kumi, na unajua kesho uanzie wapi.

b) Majibu kwa vidole. Andika majibu matatu ubaoni: 1, 2, 3. Watoto wafumbe macho na kuinua vidole. Kwa sekunde tano umeona darasa lote, si wale watano wanaoinua mkono kila siku.

c) Wasahihishane wenyewe kwa baremu ya ubaoni, kwa mazoezi yasiyoingia katika kitabu. Anayetafuta kosa la mwenzake anajifunza mara mbili.

d) Kitabu cha makosa. Kurasa mbili nyuma ya jurnali la darasa: tarehe, somo, kosa lililotokea mara nyingi, ulifanya nini. Mwaka ujao utajua kabla wapi wataanguka.

e) Ukikutana na muzazi, mwambie jambo moja ambalo mtoto anajua kufanya na moja ambalo bado, kabla ya kumtajia asilimia. « Mama, anajua kugawanya, lakini mafungu ya namba bado yanamsumbua. Amuhesabie dada yake mafungu ya ndagala sokoni. » Huyo mama hakusoma, lakini kuanzia siku hiyo yeye ni msaidizi wako.

Na kwenu mnaosoma bado chuo kikuu: mnajua wenyewe namna mlivyopimwa. Silabi inanunuliwa, inakaririwa, inarudishwa kwenye karatasi ya mtihani, inasahauliwa. Hakuna anayewakataza, mtakaposhika chaki, kuacha mzunguko huo kwenye mlango wa darasa.

Fizi ina watoto ambao vita iliwanyima miaka, na hakuna atakayewarudishia. Kitu kidogo tunachoweza kuwapa ni ukweli: hapa unajua, hapa bado, na hii njo njia ya kufika. Bulteni inayosema 57% bila hayo ni karatasi nzuri ya kuweka kwenye fremu, lakini mtoto ataenda nayo Uvira ao Bukavu, ataulizwa asome, na pale hakuna wa kumwongezea pointi.